Gari Iliyopimwa Ikiwa Imeshiba

Nilipima gari ikiwa imejaa. Nianze hapo moja kwa moja, kwa sababu hata nikinyamaza, dada yangu Masika ataisema kabla ya kumaliza kusalimia. Nilikuwa na mètre, utepe wa kupimia, mkononi, nilikuwa na macho mawili yanayoona vizuri, nilikuwa nimetoka kupata bulletin yenye kusema kwamba katika hisabati mimi si wa mwisho. Na mbele yangu, katika parcelle, yaani kiwanja, ya Hadji mmoja wa Beni, ilisimama pikapu yenye magunia ya kakao mpaka karibu na vyuma vya juu, imelala chini kama kuku juu ya mayai. Nikapima kutoka ardhini mpaka chuma cha mwisho, nikaandika namba kwenye kiganja, nikampigia Papa simu Butembo: "Papa, itaingia. Hata nafasi ya mukono itabakia." Hivyo ndivyo Mama alivyopoteza garaji yake karibu mwaka mzima wa shule, nami nikapoteza chumba changu, na mgongo wangu nao haukurudi kama zamani.

Juzi nilikutana nayo tena, ile pikapu, ambayo siku hizi ni ya watu wengine. Nilikuwa Beni kwa Masika, nimetumwa sabuni, na kumbe imesimama kando ya barabara ya kwenda Oicha, imepakwa rangi ya kijani kama mtu aliyebadilisha jina ili wadai wasimjue. Mimi hainidanganyi. Ina arceaux, vile vyuma vilivyopindwa juu ya karoseri ambavyo abiria wanashika na mizigo inafungiwa, na kwenye kimoja bado kuna kovu jeupe la simenti ya kwetu. Shofere alikuwa anakula ndizi ya kuchoma, mguu juu ya mupira wa gari. Akaniuliza: "Unaangalia nini, petit? Unapanda?" Nikamwambia: "Hapana, vieux. Tunajuana na hii gari. Ililalaka kwetu." Akaitazama kutoka chini mpaka juu, akanitazama na mimi kutoka chini mpaka juu, ambako si mbali sana. "Kwenu kuko na garaji ya urefu gani?" Nilicheka mpaka sabuni ikaanguka ndani ya matope. Mais kicheko hicho kilikuwa na kitu kinakibana katikati. Si huzuni. Ni hasira ya mtu aliyebeba matofali mengi kwa ajili ya namba aliyoiandika mwenyewe kwenye kiganja.

Garaji yetu haikuwahi kuwa garaji. Papa aliijenga kando ya nyumba, pale mteremko wa mtaa wetu unapoanza kuwa mkali, akaiwekea dari ya beto, yaani zege, badala ya mabati kwa sababu juu yake alitaka kupandisha étage, ghorofa. Étage haikuja. Vilibaki vyuma vya beto vinachungulia angani kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na rundo la matofali ya kuchoma katika kona ya parcelle, yakingoja. Gari nayo haikuwepo, kwa sababu Papa alikuwa shofere wa magari ya watu wengine. Basi Mama aliingiza humo mashine yake ya kushona, kisha nyingine, akatundika kioo kirefu ukutani, na wakati mimi nilipoanza kuwa na akili, yaani wakati Mama anaposema nilipaswa kuanza, ile ilikuwa atelier ya Mama Masika na mtaa mzima uliiita hivyo. Ilinukia mafuta ya mashine, vitenge vipya na pasi ya makaa. Wanawake wa chorale walikaa kwenye benchi wakingoja zamu, wakisema mambo ambayo kanisani wanayaombea msamaha. Mama alikuwa na sheria moja tu. Kabla ya kumzungushia mtu mètre, alimuuliza: "Umekula?" Kama umekula, unarudi nyumbani. "Kuya kesho asubuhi, tumbo wazi. Miye nashonea mutu, hapana shonea bugali." Kuna mama mmoja mnene, Mama Kavira, sauti ya kwanza ya chorale, aliyelalamika kila mara: "Mama Masika, kwako kupimwa ni sawa kwenda kutolewa damu kwa hospitali!" Mama alimjibu akiwa na pini midomoni: "Kwa hospitali banakuumiza. Miye nakupendezesha. Rudi kesho."

Mimi nilikulia chini ya meza ya sheria hiyo. Nilijua. Sina pa kujificha.

Mambo yalianza vacances, likizo ya mwezi wa saba. Mimi nilikuwa Beni kwa Masika na mètre ya zamani ya Mama, kwa sababu Masika alinitafutia wateja wa kupima. Nyumbani, Papa alitangaza juu ya sahani ya bugali na fretins kwamba amechoka kuendesha gari za watu, kwamba Hadji wa Beni anauzisha pikapu moja yenye nguvu, ndefu, inayopanda Masereka kwenye matope kama mbuzi, na kwamba atainunua. Maneno mengine nayajua kutoka kwa mdogo wangu Kakule, ambaye masikio yake yangefaa kuwekwa juu ya mnara wa simu. Papa alisema: "Na italala mu garaji. Ikilala inje, asubuhi nitakuta inasimama juu ya mawe bila mipira. Ao wenye uniforme banaiomba kwa service yao, inaenda, inarudi siku ya krismasi." Mama akasema: "Na miye na mashine zangu tutalala mu moteur?" Papa akasema garaji ni ya gari, hata jina lake linasema. Mama akamaliza samaki wake mdogo mpaka kichwa, kisha akaweka mpaka: "Kama inaingia, miye natoka, nashonea mu couloir. Kama haiingie, sitoke, na habari iishe. Nani atapima?" Papa akasema: "Kasereka iko kule Beni." Kakule anasema Mama alilirudia jina langu kama mtu aliyeuma mchanga ndani ya maharagi. "Kasereka?"

Lakini nani kwetu aliwahi kuona gari tupu? Niseme hilo kwa kujitetea, halafu nisijitetee tena. Kutoka Kasindi mpaka Butembo, kutoka Oicha mpaka Beni, gari ni mizigo, na watu juu ya mizigo, na kuku juu ya watu. Gari tupu ni gari iliyoharibika. Hadji mwenyewe, mzee wa kanzu safi na sauti ya polepole, alisimama karibu nami akizungusha tasbihi, akasema: "Pima vizuri, kijana yangu. Kesho nisirudishiwe." Nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye mètre: "Hadji, miye ni mutoto ya couturière." Akacheka, akanipa soda. Magunia ya kakao yalikuwa yanatuangalia sote wawili. Mimi sikuuliza gari kama imekula.

Papa alikuja nayo Butembo mwezi wa nane, nami nimesharudi nyumbani. Aliiosha Beni, na kwa heshima hakupakia hata kuku. Ilikuja tupu kama bibi-arusi. Majirani walitoka, watoto walikimbia nyuma yake kutoka barabara kubwa. Mama alikuwa ametoa vitu vyake tangu asubuhi, maana yeye akisema neno, neno ni neno: mashine zilikuwa couloir, ule ujia mwembamba wa kati ya vyumba, benchi ilikuwa salon, na kile kioo kirefu, ambacho hakikupata ukuta mwingine, kilikuwa ndani ya chumba changu na cha Kakule, mkabala na kitanda. Papa akapiga honi, akaelekeza pua kwenye mlango wa garaji, akaingiza. Kelele iliyofuata nilikuwa sijaisikia, lakini baadaye niliizoea: chuma kikilia chini ya beto. Akarudi nyuma. Akaingiza tena, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kidogo mbele ya muuzaji. Chuma kikalia tena. Akazima moteur.

"Kasereka."

"Papa."

"Ulisemaka nini kwa simu?"

"Nilisema itaingia."

"Sasa iko inafanya nini?"

Nilitazama. "Inakataa."

Majirani walicheka, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kwa sababu mimi nikisikia watu wanacheka najiona nimeitwa jukwaani. Nikasema labda tuipe gari jina na kuiomba kwa upole. Papa akashuka. Sitaandika kilichofuata. Mama alisimama mlangoni mwa couloir na pini nyingi midomoni, hakuweza kufungua kinywa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa zile pini. Alipozitoa, moja baada ya moja, alisema neno moja tu kwa Papa: "Donc ninarudi." Yaani, kwa mapatano yao, garaji ni yake. Na Papa, mbele ya majirani wote, mbele ya gari yake ya kwanza maishani, na nondo za étage zikimchungulia kutoka juu, akasema: "Itaingia."

Hilo ndilo neno la mwaka ule. Itaingia. Gari ililala katikati ya parcelle, imeziba njia ya jikoni, na Papa alilala ndani yake na tochi, amejikunja. Garaji ilibaki tupu, maana Papa aliishikilia kwa ajili ya gari. Hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko yote, na nikiikumbuka sasa bado meno yananiuma: Mama amebanwa couloir kama barua chini ya mlango, mimi nafanya devoir ya shule jikoni katika moshi, Papa analala mu gari, na pale kando kuna chumba kizima, kizuri, kikavu, cha beto, hakina mtu. Kila jumamosi Mama alikifagia. Siku moja nilimkuta humo amesimama, fagio mkononi, kiganja chake kimewekwa ukutani pale kioo kilipokuwa, pamebaki alama nyeupe ndefu kama mtu. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Niliumeza. Akasema bila kugeuka, "Kalete maji," na mimi nikaenda kuleta maji hata kama pipa lilikuwa limejaa.

Chumba changu kikawa cha kujaribia nguo. Wewe ambaye hujawahi kutolewa kitandani jumapili saa kumi na mbili asubuhi na Mama Kavira aliyekuja tumbo wazi, usiniambie mateso. "Kasereka, toka, nivae!" Natoka na shuka. "Kasereka, leta kiti!" Naleta kiti. Nilikaa sakafuni couloir nyuma ya pazia na cahier juu ya magoti, na mambo niliyoyasikia hayakuwa katika programu ya taifa. Nilijifunza kwamba mwalimu wetu wa chimie anaogopa panya mpaka anapanda juu ya meza. Alipoandika formule ubaoni siku iliyofuata nikaiga sauti ya panya, nikafukuzwa, nikarudi nyumbani, nikakuta chumba kimejaa wanawake, nikarudi shuleni kukaa nje ya mlango. Mahali pa kukaa sikuwa napo mji mzima.

Papa naye alijaribu kila kitu. Kwanza tulitoa upepo katika mipira. Gari ikashuka, chuma bado kikalia, na mimi na Kakule tukajaza mipira tena kwa pompe ya baiskeli mpaka tukaona nyota mchana. Kisha watu wakamwambia akate arceaux. Papa akakasirika kama wamemwambia akate masikio: bila arceaux abiria watashika nini, muzigo utafungiwa wapi? Kisha akaita fundi, akamwonyesha dari. Fundi akasema dari ile ni kipande kimoja na kuta, ukitaka kuivunja vunja na nyumba, akanywa chai, akaenda. Basi tukachimba chini. Mwezi wa tisa wote, kila nikitoka shule, nachimba sakafu ya garaji. Tulipofika chini vya kutosha mvua ilikuja, na maji yote ya mtaa wa juu, ambayo siku zote yalipita kando, yaligundua kwamba kwetu sasa kuna mahali pa kupumzikia. Asubuhi tulikuta bata wa jirani wanaogelea ndani ya garaji. Walikuwa na furaha kweli. Papa akasimama ukingoni, mikono mfukoni, akasema: "Tutajaza." Tukajaza mawe, changarawe, simenti juu yake. Tulipomaliza akapima mwenyewe, maana mimi sikuaminiwa tena hata kupima chumvi. Sakafu ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Nilicheka. Kakule alicheka. Papa alitutazama, na nikaona kidevu chake kinatetemeka kidogo, nikaacha kucheka. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kushindwa na mlango mpaka karibu kulia.

Noëli ilipita vibaya. Couloir ina giza. Mama, ambaye hajawahi kukosea, alishona mkono wa nguo ya harusi nje-ndani, na wale watu wa harusi wakachukua vitambaa vyao vyote wakapeleka kwa couturière mwingine, kwa upole, ambao ni mbaya kuliko matusi. Jioni hiyo tulikula sombe, majani ya muhogo. Kisha Mama akasema, kama anayezungumza na sahani: "Mwezi wa tatu banamama bote banataka kitenge kwa tarehe nane. Kama naangusha ile kazi pia, nitauzisha mashine. Zote." Papa akaacha kutafuna. Mwanamke wa Butembo akisema atauzisha kitu, ameshampata mnunuzi. Tarehe nane mwezi wa tatu ni siku ya wanawake, hakuna mama mjini anayetaka kuandamana bila nguo mpya, na couturière anayekosa mwezi huo ni kama muuza mwavuli anayelala wakati wa mvua. Nilikwenda kulala mbele ya kile kioo, nikajiona, nikajitoa ulimi. Kioo kilinijibu hivyo hivyo.

Ndipo akili ikanijia, na nyingi ya akili zangu zinakujaga na adhabu ndani. Kama nilipima ikiwa imejaa na ikatosha, basi si namba iliyokosea. Ni gari iliyokosa muzigo! Nikamwambia Papa: "Tuijaze." Akageukia lile rundo la kona. Hakuna kitu parcelle kizito kuliko matofali ya étage. Tukapakia, mimi na Kakule, mpaka ressort, zile springi za chini, zikanyooka na gari ikakaa chini kama ilivyokaa kwa Hadji. Papa akaingiza. Chuma hakikulia. Kati ya arceaux na beto paliingia kidole, kidole changu, nilikiingiza mimi mwenyewe. Papa alitoka kupitia dirishani, kwa sababu milango haikuweza kufunguka kwa wembamba, tumbo likakwama kidogo, akaanguka, akasimama, akanikumbatia na vumbi jekundu. "Mwana wangu! Ingénieur!" Mama alichungulia, akaona, akarudi couloir. Mashine yake ikaanza kulia haraka haraka.

Kwa hiyo, kila asubuhi gari inatoka na matofali, tunayapakua, Papa anaenda Masereka au Beni kufanya kazi. Kila jioni inarudi, tunapakia matofali, inaingia kulala. Nani anapakia? Ingénieur. Shuleni nikaitwa Briqueterie, kiwanda cha matofali. Kalamu ilianguka mkononi nikiandika, vidole vilikuwa kama vya mzee wa miaka mia. Niliomba mvua, niliomba barabara ikatike, niliomba gari ipate pancha Lubero. Na matofali yenyewe yalianza kuchoka, kila siku kadhaa yakivunjika, yakibaki vumbi. Étage ya Papa ilikuwa inaisha mikononi mwangu, tofali kwa tofali, ili gari ilale.

Halafu Papa akashikwa na malaria, siku chache kabla ya ile tarehe nane. Akalala kitandani, kitanda cha kweli, na kutoka chini ya blanketi akaita: "Kasereka, gari ipumuzike. Gari ikilala siku mingi na muzigo, ressort inachoka. Toa matofali." Hili kila shofere wa kwetu anajua, wanalisema kama katekisimu, na mimi kwa mara ya kwanza mwaka mzima nilitii bila kujibu. Tukatambaa ndani, mimi na Kakule, tukapakua humo humo garajini. Gari ikaanza kupanda. Polepole, kama mtu anayeamka vizuri baada ya usingizi. Tofali la mwisho lilipotoka, kukasikika kitu kama jino linang'olewa, na arceaux zikauma dari. Kakule alinitazama. "Kaka," akasema, "imepanda étage."

Na nyuma kabisa, ukutani, kati ya pua ya gari na beto, zilining'inia nguo zote za tarehe nane. Mama alikuwa amekosa mahali pakavu. Kila asubuhi gari ikitoka alikuwa anazitundika pale kwenye waya, chini ya shuka jeupe, na Papa hakuona shida. Nguo za chorale nzima. Sasa hata Kakule, ambaye ni mwembamba kama sindano, hakuweza kupita kando, na alipojaribu kutambaa chini alikutana na gunia la simenti lililobaki na matofali tuliyoyaacha, akarudi na kichwa chekundu. Siku iliyofuata wale wamama walikuja kuchukua nguo zao. Wote. Walisimama parcelle wakiongea kwa sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Papa alitoka na blanketi mabegani, akitetemeka. Tulitoa upepo katika mipira: ressort zikainuka zaidi, zikajaza nafasi ile ile. Tulirudisha matofali, kwa kutambaa, tumbo chini: mengi yalikuwa yamevunjika, hayakutosha, chuma kimoja bado kiliuma. Papa akaegemea mlango. "Itatoka," alisema, lakini safari hii hakumwambia mtu.

Mama akatoka couloir. Mètre ilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Alimtazama Papa na blanketi lake, akanitazama mimi, akatazama ile garaji aliyoifagia kila jumamosi. Kisha akawageukia wateja wake.

"Bamama," akauliza, "mumekula?"

Wote wakajishika matumbo. Wamezoea swali lile. Mama Kavira akajibu kwa woga, kama mtoto aliyekamatwa: "Mama Masika, unisamehe. Leo nilikula. Nilijua ni kuchukua tu, hapana kupimwa. Nilikula bugali na madesu."

"Na bengine?"

"Tulikula," wakasema. "Tulikula sana."

"Basi mupande."

Sitaona tena kitu kama kile. Waliinua vitenge, wakaingia kupitia nyuma, wakikaa juu ya matofali, wameinama chini ya beto, wakivutana, wakicheka, mmoja akilia kwamba kuna mtu amekalia mkono wake. Kila aliyeingia, gari ilishuka kidogo, na mimi nikiwa nimelala sakafuni na tochi nilitangaza: "Bado! Bado! Mama Kavira sasa!" Mama Kavira alipokaa, gari ilitoa pumzi ndefu, na chuma kikaachia beto, nami nikatambaa nje. Papa aliingia dirishani na malaria yake yote, akawasha moteur, akarudi nyuma. Walitoka kwenye mwanga wakiimba, mbele ya mtaa mzima, vichwa vimejaa vumbi la simenti, na nilimwona Papa nyuma ya usukani akiwa na uso wa mtu aliyeponyoka.

Alipomaliza kuigeuza gari parcelle na kushuka, mashine za Mama zilikuwa tayari garajini. Kakule na mimi tulikuwa tumebeba moja, wale wamama walibeba nyingine, wawili walikuwa wanarudisha kioo pale pale kwenye alama nyeupe. Mama aliweka kiti katikati ya mlango, mahali ambapo gari hupita, akaketi, akaingiza uzi kwenye sindano mara moja bila kukosea. Papa alisimama mbele yake, blanketi likiburuzika. Akauliza taratibu: "Mama Masika, na gari italala wapi?" Mama alitoa mètre shingoni, akanitupia mimi, na hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno:

"Kasereka, kuya upime kama miye naenea humu ndani. Lakini ngoja kwanza nikule, juu weye unajuaka kupima kitu tu kama kimejaa."